Biro ya Jenre na Mutasyo ya Waume

Kulikuwa na wakati niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa akili zote nilizopewa, kwamba biro ya jenre, ofisi ya serikali ya usawa wa wanawake na wanaume, imepata ruhusa ya kufanyia waume mutasyo. Kwetu Kasongo, huku Kongo, hakuna asiyejua mutasyo ni nini. Mwalimu analala akiwa mwalimu wa Kasongo, anaamka akiwa mwalimu wa Kabambare. Anafunga godoro nyuma ya moto, yaani pikipiki, anaaga, anakwenda. Polisi hivyo hivyo, muuguzi hivyo hivyo. Sasa habari zilisema kwamba leta, yaani serikali yetu, imeona uhamisho huu ni kitu kizuri mno kuwaachia watumishi peke yao, ikaongeza waume. Mke akienda biro ya jenre kushitaki kwamba bwana yake anampiga, au anakunywa, au haleti hata chumvi nyumbani, madamu wa biro atamsikiliza mpaka mwisho, kisha yule bwana atahamishwa. Hafungwi wala halipi faini. Anapelekwa teritware nyingine, yaani wilaya nyingine, kwa mke mwingine ambaye bwana yake naye amehamishwa, na huko anaanza upya kama askari mgeni.

Wewe unaweza kucheka. Mimi sikucheka. Nilikonda mpaka suruali ikawa inanifuata nyuma.

Habari hizi hazikunifikia njiani tu. Kazi yangu ni kuchaji simu za watu kwa jua, karibu na soko, na mtu akileta simu hakubali kuiacha peke yake. Anakaa kwenye benchi langu anaingoja, na akingoja anasema. Hakuna habari ya dunia hii ambayo haijapita kwenye benchi lile kabla ya kumfikia rais. Ile ya waume aliileta dereva wa moto kutoka Salamabila, ambaye aliapa kwamba yeye mwenyewe alimbeba bwana mmoja aliyehamishwa, na kwamba yule mtu alilia njia nzima akiwa ameshika sufuria yake kifuani. Muuza vitenge aliyekuwa anangoja simu yake akasema hilo si jambo jipya, kwa Watanzania lilianza zamani, yeye alilikuta Kigoma. Mwingine aliyewahi kuishi Bukavu akasema ng'ambo ya pale, Rwanda, waume wanahamishwa kwa kompyuta, unabonyeza tu. Kufika alasiri, nchi zote za upande wa mashariki zilikuwa zinahamisha waume kwa miaka mingi, na sisi ndio tulikuwa wa mwisho, kama kawaida yetu.

Kilichofunga hesabu ni jirani yangu, polisi. Aligombana na mke wake mtaa mzima ukasikia. Kesho yake mke alionekana akitoka biro ya jenre. Haukupita muda, polisi akapata mutasyo ya Kabambare, na mke akabaki Kasongo na watoto. Sasa niambie, hata mwenye diploma asingeamini?

Tangu siku ile nikawa bwana ambaye hajapata kuzaliwa katika mkoa wetu wa Maniema. Nilichota maji mpaka kisima kikalalamika. Nilitwanga sombe, majani ya muhogo, mbele ya watu, mchana kweupe, nikawa naimba ili majirani wawe mashahidi. Mke wangu hakuuliza kitu. Alinitazama siku mbili tatu kama mtu anayetazama mbuzi anayetembea kwa miguu miwili, kisha akaamua kwamba kama ni ugonjwa, ni ugonjwa mzuri, usipelekwe hospitali.

Wakati huohuo nilikuwa namaliza shule ya jioni. Niliacha masomo nikiwa kijana, nikarudi nikiwa na mvi, na madawati yale yalitengenezwa kwa watoto, kwa hiyo kwa miaka yote nilisoma magoti yakiwa yamegusa kidevu. Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alitakiwa kuandaa ekspoze, kusimama mbele ya wenzake na kueleza jambo alilolichunguza. Wengine walichagua muhogo na malaria. Mimi nilichagua hivi: kulinganisha ofisi za serikali zinazosimamia usawa wa wanawake na wanaume katika nchi yetu na nchi za jirani. Mwalimu alifurahi sana, akasema hajaona mwanaume mwenye moyo kama wangu. Ukweli ni kwamba nilitaka kujua nchi ipi inahamisha waume wake mbali zaidi.

Nikasoma. Nilisikiliza redio mpaka betri zikalia, nikawahoji watu wa benchi, nikamsumbua padri mmoja na shehe mmoja, na mwalimu akaniazima karatasi alizozitoa Kindu, makao ya mkoa. Na nikaona mambo ambayo sikuyatarajia. Nilidhani wizara ya wanawake ni wizara moja tu, imekatwa kwa kisu kimoja, kila nchi ikachukua kipande chake. Sivyo. Kwa Watanzania wanawake wamewekwa nyumba moja na maendeleo ya jamii na makundi yanayohitaji uangalizi. Kwa Waganda wamewekwa pamoja na kazi na ajira. Kwa Warundi wanakaa na haki za binadamu. Kwetu ni jenre, familia na mtoto, vyote kwenye mkeka mmoja. Nikaona mwanamke ni kama mgeni anayetembelea nchi, na kila nchi inamlaza chumba tofauti. Na chumba unacholazwa ndicho kinachoonyesha wenyeji wanakufikiria vipi. Ukilazwa karibu na jiko, unajua. Ukilazwa sebuleni, unajua pia.

Tena kuna nchi ambazo hazikuridhika na wizara. Rwanda, mbali na wizara, kuna ofisi nyingine ambayo kazi yake ni kukagua wengine wote, hata wizara za barabara na za fedha, kuuliza: na wanawake, mmewafikiria wapi? Kenya kuna tume iliyosimama pembeni, haimo ndani ya wizara, na inaweza kuisema serikali usoni. Jambo hilo lilinisumbua usingizini. Mkuu wa wizara anateuliwa na wakubwa, akiwaudhi anaondoka. Huyu wa pembeni anaweza kuudhi kidogo zaidi. Nani basi anamsaidia mwanamke wa kijijini, mwenye nguvu aliye mbali, au dhaifu aliye karibu? Maana kwetu, hata kama ni dhaifu, biro ya jenre iko mpaka kwenye teritware. Unaweza kuifikia kwa miguu kama miguu yako ni ya Kimaniema.

Hayo yote niliyasema kwenye ekspoze, na watu wakapiga makofi mpaka vumbi la dari likaanguka. Sehemu ya kuhamisha waume niliiruka kwa makusudi, kwa sababu hakuna karatasi hata moja iliyoitaja, na mimi nikaelewa kwamba ni siri ya serikali.

Mwalimu alinipongeza, kisha akaniuliza swali moja. Hii biro ya kwetu, niliwahi kuingia ndani? Nikasema hapana. Akatikisa kichwa bila ubaya wowote, akasema nimezunguka nchi tano nikaacha mlango wa jirani. Wenzangu wakacheka, nami nikacheka nao, lakini swali lile lilinichoma, kwa sababu ya dada yangu mkubwa.

Yaya yangu aliolewa Kabambare, na bwana yake alikuwa amekufa siku si nyingi. Ukoo wa bwana ulikuwa umesema wazi kwamba siku ya arobaini, matanga yakiondolewa, watakaa na kuamua ni nani katika ndugu za marehemu atabaki na mjane. Ndiyo desturi yao, hata ndugu mdogo ambaye ana mke wake tayari anaweza kuambiwa: mke wa kaka yako ni wako, na nyumba, na watoto, na ngazi zake, michikichi ya mawese. Mjane akikataa, arudi kwao na nyumba ibaki kwa ukoo. Yaya hakutaka bwana mwingine, na hakutaka kuondoka. Alinipigia simu kuniuliza, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa familia, kama inafaa aende biro ya jenre.

Na mimi msomi nikamwambia asithubutu. Nilimweleza vizuri, kwa sauti ya chini. Mjane kwa leta ni nafasi iliyo wazi. Ukiingia mle na kusema huna bwana, watakuletea aliyehamishwa kutoka Kindu, wala hutaulizwa kama unamtaka. Yaya akashukuru, akakata simu. Kwa hiyo aliikwepa biro kwa ushauri wangu, na arobaini ikawa inasogea.

Baada ya lile swali la mwalimu nilichukua moto, nikaenda Kabambare. Ile barabara sitaieleza. Niseme tu kwamba kuna mashimo mle ambayo ukianguka asubuhi unatoka ukiwa na ndevu. Nilimkuta yaya ameshonea vyombo vyake kwenye gunia, tayari kwa lolote, na nikamwambia twende tukaitazame hiyo biro, tutaketi karibu na mlango, na wakianza kutaja mabwana tutakimbia.

Biro yenyewe ilikuwa nusu ya chumba. Nusu nyingine ilikuwa ya kilimo, na katikati kulikuwa na gunia la mbegu za mahindi kama mpaka wa nchi mbili. Madamu wa biro alikuwa mama wa rika langu, kitenge na koti juu yake, na kiti kimoja ambacho alimpa yaya akakaa yeye juu ya gunia la kilimo. Yaya akaeleza yote, toka ugonjwa wa bwana mpaka maneno ya ukoo. Alipomaliza, madamu akamuuliza:

"Na wewe, mama, unataka nini?"

Yaya aliketi wima kwenye kile kiti. Baadaye aliniambia kwamba tangu msiba uanze, wote walikuwa wamemwambia atakachofanya, na huyu alikuwa wa kwanza kuuliza.

"Nataka kubaki nyumbani kwangu na watoto wangu," akasema. "Bwana nilikuwa naye. Sitaki mwingine."

"Hata wa mutasyo hataki," nikaongeza haraka, ili jambo liwe wazi.

Madamu alinitazama kidogo, akamtazama yaya, akaendelea. Nikasema moyoni, huyu mama anajua kutunza siri. Akamwambia yaya kwamba hatamwita mtu bironi, kwa sababu ukoo ukiitwa bironi unakuja na hasira. Atakuja mwenyewe siku ya arobaini, kama mtu anayekuja kuhani. Tatizo ni moja, biro haina moto. Hapo nami nikapata kazi ya leta kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikawa dereva wa jenre.

Siku ya arobaini nilimbeba mpaka uwanjani kwa marehemu. Wanaume walikuwa kwenye mikeka, wanawake kwenye vyungu. Madamu hakuja kwetu. Alikwenda moja kwa moja kwa wanawake, akasalimu, akavua koti, akashika mwiko wa bugari, ugali wetu. Lakini koti lilikuwa limeshaonekana, na minong'ono ikapita kwenye mikeka kama moto kwenye nyasi kavu. Kumbe habari yangu ya benchini ilikuwa imefika Kabambare kabla yangu, na ilikuwa imenenepa njiani. Hapa walikuwa na ushahidi hata kuliko sisi. Walikuwa na yule jirani yangu polisi, amekaa pale pale kwenye mkeka anakula, mtu aliyehamishwa, mzima mzima.

Aliyetoka jasho zaidi ni shemeji yake yaya, ndugu mdogo wa marehemu, seremala, mtu mwenye mikono kama milango. Ndiye aliyelengwa na ukoo. Mke wake alikuwa kwenye vyungu, na niliona kwamba tangu asubuhi hakuwa amegeuza uso upande wetu hata mara moja.

Dua ikasomwa, tukala, mikono ikanawiwa. Mzee wa ukoo, baba mkubwa wa marehemu, akakohoa na kusema wakati umefika, na akamgeukia seremala. Seremala akaanza kwa maneno marefu. Akasema yeye angemchukua mjane wa kaka yake leo hii, Mungu anamwona, damu ni damu. Lakini leta wenyewe wameshakuja, wako pale kwenye vyungu, na akipatikana na wake wawili huku mmoja hataki, atapigwa mutasyo kesho, na watoto wa nyumba zote mbili watalelewa na nani? Wazee wakatikisa vichwa kwa huruma. Mmoja akasema kweli, siku hizi mwanaume hana nchi. Jambo likawa linakufa lenyewe, taratibu, tamu kabisa, na mimi nikahisi mwili wangu wote unalegea kama mtu aliyetua mzigo wa chumvi. Yaya amepona. Nikamtafuta madamu kwa macho, nikamkonyeza: nyamaza hivyo hivyo.

Madamu akaweka mwiko chini, akaomba ruhusa ya kusema.

"Wazee wangu, munisamehe," akasema. "Biro yangu haifanyake mutasyo ya mutu. Huyu shemeji akifanya lolote leo, kesho ataamukia hapa hapa. Sitaki huyu mama aachwe kwa sababu ya uongo. Siku uongo utakwisha, mutarudi kwake."

Macho yote yakaenda kwa polisi. Polisi akameza tonge, akasema kwa upole kwamba yeye amehamishwa kwa sababu ni polisi, na mke wake anakuja kumtembelea mwisho wa mwezi.

Nilitamani ardhi inifunike. Mtu ameletewa ushindi kwenye sahani, anaurudisha jikoni. Nilianza kupanga namna ya kufunga gunia la vyombo la yaya kwenye moto, na watoto wangekaa wapi. Madamu alikuwa bado amesimama. Akasema alichokuja kusema, bila kupandisha sauti: kwamba sheria ya familia ya nchi hii haimruhusu mtu kuoza mwanamke ambaye hakukubali, awe binti au mjane, na kwamba mjane na watoto wake hawatolewi katika nyumba walimoishi na marehemu. Hakusema biro itafanya nini. Akamgeukia yaya, na yaya akasimama katikati ya vyungu akayasema tena maneno yale ya bironi, safari hii mbele ya ukoo mzima.

Mzee akavuta kofia yake, akamwambia seremala:

"Basi, mutasyo haiko. Wewe sasa unasema nini?"

Seremala alitazama mikono yake ile mikubwa.

"Baba, sitaki," akasema. "Tangu mwanzo sikutaka. Niliogopa mutasema nimemutupa kaka yangu."

Kule kwenye vyungu mke wake alikaa chini ghafla, palepale kwenye kuni, akaufunika uso kwa kitenge, na mabega yakawa yanatikisika. Kama alikuwa analia au anacheka, wanawake wenzake tu ndio wanajua. Yaya akamsogelea seremala.

"Haukumutupa, shemeji," akamwambia. "Mvua ilipoanza nani aliniezekea nyumba? Endelea tu kuwa shemeji."

Mzee hakuwa mtu wa kushindwa upesi, na nilimwona akipima: nyumba, ngazi, maneno ya sheria, uso wa mke wa seremala, uso wa yaya. Mwishoni akasema nyumba ile ni ya watoto wa mtoto wao, na watoto hawakai bila mama yao. Kwa hiyo mama anakaa. Na anayetaka kusema zaidi aseme sasa. Hakuna aliyesema. Akanyanyua mikono, tukasoma fatiha, na sijawahi kusema "amina" kwa nguvu kama ile. Naambiwa ilisikika Nyangwe.

Yaya alilifumua gunia lake la vyombo kabla wageni hawajaondoka. Nilimwona akitoa sufuria moja baada ya nyingine, anazirudisha mahali pake kwenye ubao, na watoto wanambebea vikombe.

Nilimrudisha madamu bironi nikiwa mwepesi kiasi kwamba moto ilikuwa inaruka mashimo yenyewe. Niliendesha nikiongea. Nilimwambia kuhusu ekspoze yangu, kuhusu vyumba ambavyo wanawake wanalazwa katika kila nchi, kuhusu wakaguzi wa Rwanda na tume ya Kenya. Alifurahi kweli, akaniambia amewahi kukaa kwenye semina Bukavu na wanawake wanaofanya kazi kama yake katika nchi hizo. Hapo nikaona nimepata mtu wa kumuuliza. Maana nilikuwa nimesikia, hadharani, kwamba biro yetu haina nguvu hizo. Lakini kwamba nchi yetu imechelewa, hilo halikunishangaza. Swali lilikuwa wenzetu. Nikapunguza mwendo, nikamuuliza kwa sauti ya chini: kwa Watanzania, na kule Rwanda kwa kompyuta, waume huwa wanawapeleka mbali kiasi gani?

Aliniomba nisimamishe moto. Akashuka, akanizunguka mpaka mbele ili nimwone uso.

"Papa," akasema, "wenzetu wana biro kubwa kuliko yangu, na wana viti, na wengine wana gari. Kazi yao ni hii hii uliyoiona leo. Hakuna nchi inayohamisha waume. Hata moja."